Diwali na ibada ya madaftari ya hesabu: nimealikwa dukani, naomba kueleweshwa

Karani wa Ngarenaro

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni karani wa hesabu katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Arusha, si mbali na Soko Kuu, na tajiri wangu ni Mhindu ambaye ukoo wake umefanya biashara katika mji huu tangu enzi za babu yake. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, ameniita na kuniambia kwamba angependa nihudhurie ibada ya Diwali itakayofanyika dukani jioni ya Jumapili, Novemba 8, 2026, kwa sababu vitabu vitakavyoombewa ndivyo ninavyoviandika mimi. Nimekubali kwa moyo mweupe, kwa kuwa ni mtu aliyenitendea wema mwingi, lakini nikijihoji naona kwamba ninachokijua kuhusu sikukuu hiyo ni taa, fataki na lile boksi la vitamutamu tunalogawiwa kila mwaka.

Naomba kueleweshwa, kwanza, Diwali ni kumbukumbu ya nini hasa, maana kila niliyemuuliza ana hadithi yake: mmoja ananiambia ni mfalme aliyerudi kutoka uhamishoni, mwingine ananiambia ni mungu wa kike wa utajiri, na wa tatu anasema ni mwaka mpya tu. Pili, kwa nini daftari la hesabu lifanyiwe ibada? Tatu, kalenda inaonyesha Diwali ni tarehe 8, lakini tajiri amesema duka litafungwa tarehe 10 kwa ajili ya mwaka mpya, nami sielewi tarehe 9 inabaki kuwa siku gani.

Lipo na jambo jingine ambalo nalisema kwa tahadhari. Mwaka jana, jioni ya siku iliyotangulia Diwali, tulikuta katika njia panda ya mtaa wetu bajia chache zimewekwa chini, zimezungushiwa maji ambayo yalikuwa hata hayajakauka. Wenzangu waliruka kando wakisema ni uchawi, na mlinzi mmoja alizunguka mtaa mzima ili asipite hapo. Sipendi kumdhania mtu vibaya, ndiyo maana nauliza. Mimi ni Mlutheri, na ningependa pia kujua mtu wa imani nyingine anakaaje katika ibada ya namna hiyo bila kumvunjia heshima mwenyeji wake wala kuikana dini yake mwenyewe.

Mama wa Kiusa

Ndugu Karani, karibu sana. Mimi ni Mhindu, mzaliwa wa Moshi, na wazee wangu walitoka Kathiawar, katika jimbo la Gujarat, wakafuata biashara iliyofuata reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na ilipoendelezwa hadi Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920 baadhi ya ndugu zetu wakahamia huko kwenu. Nayataja haya kwa sababu Diwali utakayoiona dukani ni ya Kigujarati. Mhindu wa Bengal usiku huohuo anamwabudu mungu wa kike Kali, na yule wa kusini mwa India shamrashamra zake kubwa ni za alfajiri, anapooga kwa mafuta kabla jua halijachomoza.

Nianze na bajia, kwa kuwa ndizo zinazotuharibia jina. Siku inayotangulia Diwali tunaiita Kali Chaudas, siku ya kumi na nne ya ile nusu ya mwezi ambayo mbalamwezi hupungua. Ni usiku unaohesabiwa kuwa mzito, na wengi wetu huenda kumwomba Hanuman, mlinzi dhidi ya mabaya. Jioni hiyo mama mwenye nyumba hukaanga vada, ambazo ni ndugu wa bajia, akazipeleka mpaka njia panda, akaziweka chini, akazizungushia maji, kisha akarudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Anachokwenda kukiacha pale ni kakalat, yaani ugomvi, manung'uniko na kelele zote zilizokusanyika ndani ya nyumba mwaka mzima. Hatumtupii jirani chochote, wala hakuna jina la mtu linalotajwa. Kwetu kazi hiyo ni yangu, na mume wangu hupenda kusema kwamba kwa mwaka tulioumaliza ningestahili kubeba karai zima. Hata hivyo mlinzi yule simlaumu, kwa sababu katika nchi hii chochote kinachowekwa njia panda husomwa kwa namna moja tu, nasi tungefanya vyema kuwaeleza majirani mapema. Baadhi yetu siku hizi tunaziweka kwenye kona ya uwanja wetu wenyewe, ambako kunguru huzimaliza kabla ya magharibi.

Kuhusu hadithi, waliokujibu wote wamesema kweli. Inayojulikana zaidi ni ya Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, aliyepelekwa uhamishoni miaka 14, mkewe Sita akatekwa na Ravana, mfalme wa Lanka, naye akamkomboa kwa msaada wa Hanuman na jeshi lake la nyani. Ushindi wenyewe tunauadhimisha siku ya Dussehra, takriban siku ishirini kabla ya Diwali. Diwali ni usiku wa kurudi nyumbani, na kwa kuwa ulikuwa usiku usio na mwezi, watu wa Ayodhya waliwasha safu za taa ili wapokee watu wao. Wengine husimulia juu ya mungu Krishna aliyemuua jitu Narakasura na kuwaweka huru mateka wake. Lakini kwa mfanyabiashara wa Kigujarati mwenye usiku huu ni Lakshmi, yule mungu wa kike wa utajiri. Yeye alitoka katika bahari ya maziwa, wakati miungu na mahasimu wao walipoisukasuka kwa mlima Mandara uliozungushiwa nyoka Vasuki badala ya kamba, ili wapate kinywaji cha kutokufa. Inaaminiwa kwamba usiku wa Diwali Lakshmi hupita kuzitembelea nyumba, na kwamba haingii penye uchafu, giza wala kelele za ugomvi. Sasa utaona kwa nini ugomvi hupelekwa njia panda siku moja kabla, kwa nini nyumba hupakwa rangi na kabati kuvutwa ili kufagia nyuma yake, na kwa nini milango huachwa wazi taa zikiwaka. Ukipita mlangoni pa nyumba ya Kihindu jioni hiyo tazama sakafuni: pamoja na rangoli, yaani michoro ya unga wa rangi, utaona nyayo ndogondogo zilizochorwa, na zote zinaelekea ndani.

Siku mbili kabla ya Diwali huwa ni Dhanteras, ambayo watu hununua dhahabu au fedha, na asiye na uwezo hununua japo sufuria mpya au kijiko. Baada ya Diwali huja mwaka mpya, na siku inayofuata ni ya dada na kaka, dada anapomkaribisha kaka yake chakula na kumwombea maisha marefu, kwa kumkumbuka Yamuna aliyemkaribisha nduguye Yama, mungu wa mauti.

Sasa ibada yenyewe, tunayoiita chopda pujan. Mbele huwekwa meza iliyotandikwa kitambaa chekundu, na juu yake picha au sanamu za watatu: Lakshmi, Ganesh anayeondoa vizuizi, na Saraswati, mwenye elimu na maandishi. Huyo wa tatu, kwa kweli, ni wa makarani. Daftari jipya, ambalo kwa desturi jalada lake ni la kitambaa chekundu, hufunguliwa ukurasa wa kwanza. Kwa unga mwekundu uliolowanishwa huchorwa swastika, nawe usishtuke kuiona, kwani ilikuwa alama ya heri kwetu maelfu ya miaka kabla Wanazi hawajaichukua na kuitia unajisi. Upande mmoja wake huandikwa Shubh, yaani heri, na upande wa pili Labh, yaani faida. Chini yake jina la heshima Shri huandikwa mara moja katika mstari wa kwanza, mara mbili katika wa pili, mara tatu katika wa tatu, na kuendelea hivyo mpaka ukurasa umebeba pembetatu nzima ya maandishi. Kisha juu ya ukurasa huwekwa jani la tambuu, popoo, sarafu, punje za mchele na mbegu chache za giligilani. Pandit, yaani kuhani wetu, husoma maombi, maua hurushwa kidogokidogo, na mwisho taa ya samli huzungushwa mbele ya daftari kama inavyozungushwa mbele ya sanamu.

Kwa nini daftari? Kwa sababu kwetu mwaka wa hesabu ulikuwa ukiisha siku hiyo. Kabla ya Diwali mfanyabiashara alitakiwa kudai anachodai, kulipa anachodaiwa na kufunga kitabu cha zamani, kwa kuwa kitabu kipya kitawekwa mbele ya Lakshmi kikiwa hakina deni la uongo wala hesabu ya kuficha. Kila karani anajua, na wewe bila shaka unajua, kwamba kitabu kinachosubiri kukaguliwa huandikwa kwa mkono mwangalifu zaidi. Huko India sheria ya kodi ilizilazimisha biashara zote, tangu mwaka 1989, kufunga hesabu Machi 31, na sisi hapa tunafuata mwaka wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, unaoisha Desemba, kwa hiyo kitabu chekundu leo hakina nguvu ya kisheria. Watu wengi hununua kimoja chembamba kwa ajili ya ibada tu, wakaweka na kompyuta pembeni yake ikapata alama yake ya unga mwekundu. Mimi binafsi naona huruma kidogo, kwa sababu baba yangu alikuwa akiandika vitabu hivyo mwenyewe, kwa Kigujarati, toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Fundi wa Njiro

Nashukuru kwa maelezo, lakini niseme wazi kinachonikera. Sikukuu ambayo watu wananunua dhahabu, wanaabudu kitabu cha mauzo na kuiombea faida, mimi naiona ni kuabudu fedha kwa jina jingine. Na hizo fataki nazo ni tatizo. Hapa mtaani kwetu mbwa walikimbia wakapotea, na jirani yangu anayefuga ng'ombe wa maziwa ndani alilalamika kwamba maziwa yalipungua siku mbili.

Mama wa Kiusa

Kwa fataki nipo upande wako, kaka yangu. Hazimo katika maombi yoyote, ziliongezwa baadaye kwa furaha, na Diwali inakamilika kwa kijitaa cha udongo, utambi wa pamba na kijiko cha samli. Wanaowasha mabomu usiku wa manane wanatuaibisha, na ningependa viongozi wetu waweke saa maalumu kisha waisimamie.

Kuhusu fedha sikubaliani nawe, ingawa naelewa unakotoka. Tazama hayo maneno mawili yanayoandikwa kwenye ukurasa: heri inatangulia, faida inafuata, na hakuna anayeyaandika kinyume. Lakshmi mwenyewe huitwa mwenye kuhamahama, maana hakai alikokaribishwa kwa udanganyifu. Sitakuficha kwamba wapo wanaoomba faida na kuisahau heri, lakini watu wa namna hiyo wapo katika kila nyumba ya ibada ya mji huu, na hatujaifunga hata moja kwa sababu yao.

Mwalimu wa Sakina

Naomba nijibu swali la tarehe, kwa kuwa ni hesabu na nimewahi kuwafundishia wanafunzi wangu wa jiografia. Kalenda ya Wahindu hufuata mwezi wa angani kama ya Waislamu, lakini haikubali kuachana na majira. Miezi kumi na miwili ya mwezi wa angani ina siku 354 hivi, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua. Waislamu huuacha upungufu huo uendelee, ndiyo maana Ramadhani huzunguka masika na kiangazi, ilhali Wahindu huongeza mwezi mzima wa ziada kila baada ya miezi 32 au 33. Mwaka huu mwezi wa ziada uliingizwa kati ya Mei na Juni, na hiyo ndiyo sababu Diwali iliyokuwa Oktoba 20 mwaka jana imesogea mbele hadi Novemba 8. Daima itaangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, yaani kwa sisi wa Arusha wakati mijakaranda inapochanua na mvua za vuli zinapoanza kuzima taa za barazani.

Diwali ni usiku wa amavasya, mwezi unapokuwa umefichika kabisa. Ugumu unatokana na kwamba siku ya mwezi wa angani, wao huiita tithi, haianzi usiku wa manane wala magharibi, bali huanza wakati mwezi unapomaliza kujitenga na jua kwa nyuzi 12, jambo linaloweza kutokea saa yoyote ya mchana au usiku. Siku za kawaida huitwa kwa jina la tithi iliyopo jua linapochomoza. Diwali, kwa kuwa ni ibada ya jioni, huangalia tithi iliyopo jua linapotua.

Chukua sasa tarehe zako, Ndugu Karani. Kwa saa za hapa, amavasya inaanza Jumapili asubuhi ya Novemba 8 na kwisha Jumatatu ya tarehe 9 saa nne asubuhi. Jua la Jumapili likitua amavasya ipo, hivyo Diwali ni Jumapili. Jumatatu jua likichomoza amavasya bado ipo, kwa hiyo siku hiyo haiwezi kuitwa tarehe mosi ya mwezi mpya. Mwezi mpya unaanza baadaye asubuhi hiyo, na mapambazuko yake ya kwanza ni ya Jumanne, tarehe 10. Ndiyo sababu mwaka mpya wa Kigujarati ni Jumanne, nayo Jumatatu imebaki katikati, si Diwali wala si mwaka mpya. Wagujarati wana jina la siku hiyo, huiita dhoko, na wengi hawaanzishi jambo lolote jipya ndani yake. Ilitokea hivyohivyo mwaka 2023, 2024 na 2025.

Mwaka 2024 ulikuwa mtihani zaidi, na labda mtakumbuka kwamba baadhi ya watu walisherehekea Oktoba 31 na wengine Novemba 1. Amavasya ya mwaka ule ilidumu kuanzia mchana wa tarehe 31 hadi alasiri ya tarehe 1. Jua lilipotua Delhi Novemba 1 ilikuwa imebaki nusu saa na kidogo, kwa hiyo jioni zote mbili ziliguswa na wataalamu wa India wakagawanyika. Huku Arusha ilikwisha saa kumi kasoro dakika 13 za alasiri, wakati jua letu hutua saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi. Kwa mtu anayehesabu kwa anga ya Arusha hapakuwa na utata, ilikuwa Oktoba 31. Anayefuata kalenda iliyochapishwa India hubeba na mabishano ya India.

Kijana wa Gereji, Moshi

Nyongeza fupi. Sisi Singasinga pia huwasha taa usiku huohuo, lakini sababu yetu ni nyingine: tunamkumbuka Guru Hargobind, wa sita kati ya Maguru wetu, aliyefungwa katika ngome ya Gwalior wakati wa mfalme Jahangir. Alipofunguliwa alikataa kutoka bila wana wa wafalme 52 waliokuwa wamefungwa pamoja naye, na husimuliwa kwamba kila mmoja alitoka ameshika ncha yake ya joho la Guru. Wajaini nao, ambao watu wengi hapa huwahesabu kuwa ni Wahindu, huadhimisha usiku ambao Mahavira, mwalimu wao mkuu, aliaga dunia na kupata ukombozi huko Pawapuri. Wao huuhesabu kuwa ni mwaka wa 527 kabla ya Kristo. Kwa hiyo Karani akiona taa, asidhani kila penye taa pana Lakshmi. Na Mhindi Muislamu, awe Ismailia, Bohora au Ithnaasheri, sikukuu hii si yake, ingawa utamkuta amekwenda kuwatembelea jirani zake na kula vitamutamu vyao.

Mstaafu wa Majengo

Vijana, nawasalimu. Nilikuwa karani kama wewe, katika maduka mawili ya Wahindu hapa Moshi, kabla ya kustaafu, na ibada hizi nimezihudhuria nyingi. Mimi ni Mkatoliki, naenda kanisani kila Jumapili, wala sikuwahi kurudi nyumbani na mzigo moyoni.

Utavua viatu mlangoni, kwa hiyo kagua soksi zako kabla hujatoka nyumbani. Mkanda wa ngozi hauna taabu katika duka, ila usiuweke wala usiweke pochi ya ngozi kwenye meza ya ibada. Kaa nyuma au pembeni, miguu usiielekeze kwenye sanamu, na simu izimwe. Watakapofika kwenye kuzungusha taa watu wote husimama, simama nawe. Baada ya hapo sahani yenye taa hupitishwa, na kila mtu hupitisha viganja juu ya moto na kuvigusisha usoni. Hapa ndipo unapoamua mwenyewe. Usipopenda, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, na aliyeshika sahani atapita bila neno. Ndivyo ilivyo kwa alama nyekundu ya kwenye paji la uso na kwa uzi mwekundu wa mkononi. Mimi uzi nilikubali kufungwa kwa sababu mwajiri aliufunga kwa mkono wake akiniombea afya, alama ya usoni niliiacha, na hakuna aliyenuna katika miaka yote. Mwenzangu mmoja Muislamu alikuwa akimweleza mwenye duka mapema, akakaa dukani mbele wakati sisi tuko ndani, kisha akaingia ibada ilipokwisha kwa ajili ya salamu na chakula. Mwenye duka alimheshimu zaidi kwa kusema mapema kuliko ambavyo angemheshimu kwa kukaa ndani akiwa amekunja uso.

Kuna kitu kinaitwa prasad, nacho ni chakula kilichotolewa kwanza mbele ya miungu kisha kikagawiwa watu. Dhamiri yako ikikataza, usikipokee halafu ukakiacha juu ya dirisha, hilo ndilo litakaloumiza. Sema asante, unganisha viganja, basi. Boksi la vitamutamu unalopewa wakati wa kuondoka ni jambo jingine, hilo ni zawadi. Ndani yake utakuta barfi za maziwa na lozi zenye harufu ya iliki, ladu za unga wa dengu, na pembeni chevda na chakri, vitafunio vya chumvi vya kupunguza utamu.

Zawadi ya kwako iwe matunda, korosho au maua. Usipeleke pombe, wala keki ambayo hujui kama ina mayai, kwa sababu nyumba nyingi za aina hiyo hazili nyama wala mayai, na nyingine hata vitunguu na vitunguu saumu hazigusi. Wao wakikupa bahasha, utakuta hesabu yake haiishii kwenye sifuri. Desturi ni kuongeza moja juu, na kwa kuwa shilingi moja yetu haionekani tena mikononi mwa watu, wengine hubandika sarafu yoyote juu ya noti. Usiidhanie kuwa ni chenji iliyosahaulika.

Siku ya mwaka mpya, yaani Jumanne, piga simu au pita nyumbani kwake asubuhi na useme "Saal Mubarak". Ndiyo salamu yao, na ukiitamka utamwona anavyofurahi. Ukienda kwenye hekalu siku hiyo utakuta vyakula vimepangwa ngazi kwa ngazi mbele ya sanamu, vya aina nyingi kiasi kwamba jicho linachoka, kwa kumkumbuka Krishna alivyouinua mlima Govardhan na kuwakinga watu na mvua ya Indra, mungu wa mvua. Wageni hukaribishwa, na chakula hicho hugawiwa baadaye.

Karani wa Ngarenaro

Shikamoo mzee wangu, na asante sana Mama wa Kiusa, Mwalimu na wengine wote. Suala la bajia nimewaeleza wenzangu leo, na mlinzi amesema ataendelea kuzunguka lakini bila kutukana. Limebaki moja. Tajiri ameniambia kwamba baada ya pandit kumaliza, mimi ndiye nitakayeandika tarehe na mstari wa kwanza katika daftari jipya. Niandike tarehe ipi, na mstari huo uwe wa mauzo au wa nini? Naogopa kuweka tarakimu isiyofaa mbele ya watu.

Mstaafu wa Majengo

Marahaba. Mimi sikuwahi kupewa heshima hiyo, hivyo namwachia Mama wa Kiusa.

Mama wa Kiusa

Amekupa jambo kubwa, Ndugu Karani, kwa maana kwa kawaida mstari huo huandikwa na mwenye biashara au mtoto wake. Tarehe huandikwa mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, Novemba 8, 2026. Ya pili ni ya Vikram Samvat, yaani kalenda yetu ya Kihindu, nayo ina mtego: mwaka mpya wa 2083 unaanza Jumanne, lakini jioni ya Jumapili bado ni 2082, siku ya mwisho ya mwezi wa Aso, kwa hiyo muulize tajiri kama anataka iandikwe siku ya ibada au siku ambayo kitabu kitaanza kazi. Nyumba zinatofautiana, na kwetu baba aliandika siku ya ibada.

Mauzo usiandike. Ukurasa wa pembetatu ya Shri hauguswi kwa hesabu kabisa, utafungua unaofuata. Juu kabisa huandikwa jina la Ganesh, na hilo tajiri ataliandika mwenyewe ukimwomba, kisha chini yake utaandika jina la duka, mji, na tarehe hizo mbili. Hesabu za kweli wengi huzianza siku ya Labh Pancham, siku ya tano ya mwaka mpya, ambayo kwa desturi ndiyo siku ya kufungua maduka, ingawa hapa Moshi sioni tena duka linalofungwa muda wote huo wakati wateja wanahitaji misumari. Tumia kalamu ya wino mwekundu, uijaribu kwanza kwenye karatasi nyingine, na uliache daftari wazi mpaka unga ukauke, kwa sababu ukilifunga mapema swastika itajichapa kwenye ukurasa wa pili na utalazimika kuanza upya.